Maria Montessori na Herufi za Kugusa kwa Mukono

Mara hii sisi wa darasa la mwisho, sehemu ya ualimu, tunaandika juu ya maisha ya mwanamuke ambaye jina lake tunalisikia kila mara katika somo la pedagojia. Wengi wetu tunajua jina tu. Kuko hata wanaofikiri ni jina la kampuni, sababu wameliona limeandikwa ku ukuta wa maternele ya watoto wa watu wenye feza. Hapana. Alikuwa mutu, tena munganga. Tunaandika sasa kwa kuwa staji inakaribia. Tutapewa watoto wadogo hamsini na tablo moja, na kazi ya kwanza itakuwa kuwafundisha herufi.

Maria Montessori alizaliwa tarehe 31 Agosti 1870 huko Chiaravalle, muji mudogo wa Italia karibu na Ancona. Baba yake alikuwa mutumishi wa serikali. Mutoto alipokuwa na miaka mitano hivi, wazazi walihamia Roma. Wakati ule binti aliyesoma sana, mwisho wake ulikuwa kuwa mwalimu. Yeye hakutaka ualimu hata kidogo (ninyi wa sehemu yetu, musicheke). Alipofika miaka 13 aliingia masomo ya ufundi, akapenda sana hesabu, na kisha akataka kusomea uganga katika Chuo Kikuu cha Roma. Baba yake hakufurahi. Lakini aliingia. Wakati wa somo la kupasua maiti, watu waliona ni haya mwanamuke asimame pamoja na wanaume mbele ya mwili ulio uchi, kwa hiyo alifanya kazi ile peke yake, nyuma ya saa za masomo, wenzake wakiwa wamekwisha kurudi nyumbani. Mwaka wa 1896 alipata diploma ya udaktari. Mara nyingi inaandikwa kwamba alikuwa munganga mwanamuke wa kwanza wa Italia. Si kweli, wachache walimutangulia. Lakini alikuwa mumoja wa wale wa kwanza, na hiyo inatosha.

Kazi yake ilimupeleka ku nyumba za wagonjwa wa akili katika Roma. Huko alikuta watoto wenye akili dhaifu, wamefungiwa pamoja na wazimu wakubwa, bila kitu cha kushika wala cha kufanya. Akaanza kutafuta vitabu. Akapata maandiko ya waganga wawili Wafaransa waliokuwa wamekwisha kufa, Itard na Séguin, waliofundisha watoto wa namna hiyo kwa njia ya mikono, macho na masikio. Aliyatafsiri katika Kiitalia, akayanakili yote kwa mukono wake mwenyewe, kusudi apate nafasi ya kufikiri juu ya kila neno. Sisi tunaolalamika tukipewa kurasa mbili za kunakili, tufikiri kidogo.

Mwaka wa 1900 masomo moja yalifunguliwa Roma kwa ajili ya watoto hawa na kwa waalimu wao, na yeye alikuwa mumoja wa wakubwa wawili walioyaongoza. Pale ndipo herufi zinapoingia katika maisha yake. Aliagiza herufi za mbao, nzuri, zenye rangi, za bei kubwa, watoto wazifuate kwa kidole. Wengine kati ya watoto wale, ambao kila mutu alisema hawawezi kitu, walijifunza kusoma na kuandika, wakafanya mitihani pamoja na watoto wazima, wakashinda. Watu walishangaa. Yeye alishangaa jambo lingine: kama watoto hawa wagonjwa wanaweza kufika pale, ni nini inayowazuia wale wazima wasifike mbali zaidi?

Kuko jambo katika maisha yake ambalo lilituletea mabishano makubwa katika darasa. Mwaka wa 1898 alizaa mutoto mwanaume, Mario, na baba ya mutoto alikuwa munganga mwenzake, Giuseppe Montesano, yule aliyeongoza masomo pamoja naye. Hawakuoana. Mutoto alipelekwa kulelewa na jamaa ingine inje ya muji, na mama alikuwa anakwenda kumutazama tu. Karibu mwaka wa 1913 ndipo alimuchukua akae naye, na tangu siku ile hawakuachana tena. Wengine kati yetu walisema aliyewaacha wake hana haki ya kufundisha ulimwengu namna ya kulea. Wengine walijibu kwamba angemushika mutoto mbele ya watu wa wakati ule, mulango wa kila kazi ungefungwa. Hatukupatana, na mwalimu wetu hakutaka kukata shauri. Sisi tunaoandika hapa tunaona kwamba ilikuwa deni, na yeye mwenyewe alijua ni deni.

Sasa tufike ku San Lorenzo. Ilikuwa kata ya maskini katika Roma. Kampuni moja ilitengeneza nyumba kubwa za kupangisha, wazazi wakaenda kazini tangu asubuhi, na watoto waliobaki walichafua kuta na ngazi. Wenye nyumba waliogopa hasara, wakatafuta mutu wa kuwakusanya. Ndiyo asili ya jambo lote: kulinda kuta. Tarehe 6 Januari 1907, katika barabara ya Via dei Marsi, chumba kimoja kilifunguliwa kwa watoto karibu hamsini, wa miaka mitatu mpaka sita hivi. Wakakiita Casa dei Bambini, maana yake Nyumba ya Watoto. Hamsini, ndugu zangu. Ni hesabu ile ile inayotungojea ku staji.

Montessori hakukusudia kuwafundisha herufi watoto wadogo vile. Ni wamama, wengine wao hawakujua kusoma, waliokuja kumuomba. Akataka herufi za mbao kama zile za zamani, na hakupata wa kuzitengeneza. Basi akakata herufi katika karatasi. Nyingine alizikata katika karatasi ya musasa, ile mafundi wa mbao wanasugulia nayo, akazigandisha juu ya kartoni laini. Kisha akaona kwamba zile za ukosefu zilishinda zile za bei. Sababu herufi ya mbao, kidole kinaweza kupotea pembeni. Lakini juu ya musasa, kidole kikitoka ku njia, ngozi yenyewe inasikia laini badala ya ukali, na mutoto anajirudisha bila kungojea mwalimu amukemee. Watoto walipenda hata kufunga macho na kufuata herufi kwa kugusa tu.

Namna ya kufundisha ilikuwa hivi. Mwalimu hasemi jina la herufi, anasema sauti yake. Anafuata herufi kwa vidole viwili, cha shahada na cha katikati, akianza pale kalamu inapoanza na kwenda upande ule kalamu inakwenda. Mutoto anafanya vile vile na kutoa sauti. Hatua ya pili, mwalimu anatandika kartoni mbili au tatu, anatoa sauti, mutoto anachagua. Hatua ya tatu, anaonyesha kartoni na mutoto anasema mwenyewe. Akikosea, mwalimu hamuaibishi. Anaiweka pembeni, wanarudi siku ingine. Hatua hizi tatu alizipata kwa Séguin, hakuficha. Kisha kulikuwa sanduku lenye vyumba vidogo vya herufi nyingi za karatasi, mutoto akapanga maneno kabla ya kushika kalamu.

Siku moja ya Desemba, kukiwa na jua, walikuwa juu ya dari la nyumba. Alimupa mutoto wa miaka mitano kipande cha chaki, akamuomba achore bomba la moshi lililokuwa mbele yao. Mutoto alichora, akatulia, kisha akapiga kelele ya furaha na kuandika chini neno mano, ni kusema mukono. Akaongeza camino, bomba la moshi, na tetto, paa la nyumba. Hakuna aliyekuwa amemufundisha kuandika neno zima. Mukono ulikuwa umekwisha kujua njia. Wengine wakamufuata, na kwa siku nyingi waliandika pahali pote, hata wamama wakawapa karatasi na kalamu ili kuokoa sakafu na mikate.

Hapa tuseme neno letu. Jambo lilikwenda mbio kwa sehemu kubwa sababu Kiitalia kinaandikwa karibu kama kinavyosemwa. Kifaransa si hivyo: herufi c katika cahier si sauti ile ya cela, na mutoto anachanganyikiwa. Lakini Kiswahili chetu kiko kama Kiitalia, hata kukipita. M ya mama ndiyo m ya maji. Kwa hiyo tunapoanza na watoto katika Kiswahili, herufi moja kwa siku chache, tuko na nafasi nzuri kuliko wenzetu wa nchi nyingine.

Na musasa? Haulazimishi. Sisi tumejaribu hivi: kartoni ya sanduku la sabuni, imekatwa sawa na kiganja cha mutu mukubwa. Herufi moja tu, inachorwa nene kama kidole. Uji muzito wa unga wa muhogo unapakwa juu ya herufi, halafu muchanga mwembamba, uliochujwa, unamwagwa, na mabaki yanakung'utwa. Inaachwa kivulini siku nzima. Ukigusa mapema, muchanga unatoka wote. Vokali tunaziweka juu ya rangi moja, konsona juu ya ingine. Herufi b na d hazipewi siku moja, sababu ni ndugu wawili wanaotazamana na watoto wanawachanganya.

Yaliyofuata katika maisha yake ni marefu, tutapita haraka. Mwaka wa 1909 alitoa kitabu chake, kikatafsiriwa katika luga nyingi. Mwaka wa 1915 ku maonyesho ya San Francisco, Marekani, darasa lake liliwekwa nyuma ya ukuta wa kioo ili watu watazame watoto wakifanya kazi. Alikubali pia musaada wa Mussolini, na hapo hatuwezi kumusifu. Lakini walipokosana, masomo yake yalifungwa katika Italia miaka ya 1930. Alikaa Hispania mpaka vita vya 1936 vikamufukuza, akakimbilia Uholanzi. Mwaka wa 1939 alikwenda India kufundisha waalimu, Mario akiwa naye. Italia ilipoingia vitani mwaka wa 1940, Waingereza walimufunga Mario kwa kuwa Muitalia, kisha wakamufungua mama alipotimiza miaka 70. Hivi mutoto aliyefichwa zamani ndiye aliyemusaidia kazi mpaka mwisho. Maria Montessori alikufa tarehe 6 Mei 1952 huko Noordwijk aan Zee, Uholanzi, akazikwa pale pale. Alikuwa na miaka 81.

Mpaka leo tumemaliza kartoni kumi na mbili: vokali zote tano, na m, t, k, b, n, l, s. Zinazobaki zinangoja kartoni. Mwenye sanduku tupu, hata lililopasuka, alilete ku darasa letu siku ya posho nyuma ya kazi ya mikono. Muchanga tuko nao. Unga wa muhogo tunaomba kwa wapishi, na tutarudisha kikombe.

Kiongozi wa wanafunzi, kwa jina la darasa la mwisho, sehemu ya ualimu