Hans Nielsen Hauge, Mkulima wa Norwe

Habari za wachungaji na maaskofu wa Kanisa letu la Kilutheri zimekwisha andikwa nyingi, lakini habari za wakulima ni chache. Mwezi huu twataka kuwasimulia maisha ya mtu asiyesoma chuo chochote, ambaye mikono yake ilizoea plau, nyundo na randa, naye aliwekwa kifungoni miaka mingi kwa sababu alisema Neno la Mungu nyumbani mwa watu pasipo ruhusa.

Nchi ya Norwe iko kaskazini ya Ulaya. Ina milima mingi ya mawe na baridi kali, na mashamba mazuri ni haba. Siku zile ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark. Hans alizaliwa tarehe 3 Aprili 1771 katika shamba liitwalo Hauge, wilaya ya Tune, karibu na mto Glomma. Baba yake, Niels Mikkelsen, na mama yake, Maria Olsdatter, walikuwa watu wa kumcha Mungu. Nyumbani mwao vilisomwa vitabu vya Luther na maelezo ya Katikismo yaliyoandikwa na Askofu Pontoppidan. Mtoto akakua katika masomo hayo, tena akawa fundi wa kazi nyingi: aliweza useremala, uhunzi, hata kufuga nyuki. Alipokuwa na umri wa miaka 13 mashua ilipinduka, akanusurika kufa maji. Tangu siku ile hofu ya kifo na hukumu ilimkaa moyoni, wala haikumtoka upesi.

Ikawa tarehe 5 Aprili 1796, majira ya kulima, Hans yuko shambani kwa baba yake nyuma ya plau, akiimba wimbo wa kanisa kama ilivyokuwa desturi yake. Hapo hapo katikati ya mtaro moyo wake ukajaa furaha na upendo wa Mungu kwa namna asiyoweza kueleza, akajiona ameitwa kuwaambia watu watubu. Alikuwa na miaka 25. Aliporudi nyumbani alianza na ndugu zake mwenyewe kwanza, kisha majirani. Mwaka ule ule aliandika kitabu chake cha kwanza, akakipeleka kupigwa chapa katika mji wa Christiania, ambao leo waitwa Oslo.

Hapa yafaa tueleze sheria ya nchi, maana pasipo kuijua mtu hawezi kufahamu mambo yaliyompata. Tarehe 13 Januari 1741 mfalme alikuwa ametoa amri kwamba watu wasikusanyike kwa mafundisho ya dini bila mchungaji wa mahali kujua na kuyasimamia. Amri hiyo haikutungwa kwa uovu mtupu. Wakubwa waliogopa mafarakano na walimu wa uongo, na hofu ya namna hiyo hata sisi twaijua. Lakini mbele ya amri hiyo, mkulima aliyesimama jikoni mwa jirani yake na kuwaonya watu kumi alikuwa mvunja sheria. Waalimu wetu waongozao ibada katika vijiji ambako mchungaji afika mara chache kwa mwaka, na wajipime wenyewe wangalikuwa wapi siku zile.

Mwishoni mwa mwaka 1797 Hans alikamatwa mara ya kwanza, huko Fredrikstad. Alipofunguliwa akaendelea. Kwa muda wa miaka minane hivi alizunguka nchi yote kwa miguu, toka kusini mpaka Tromsø kaskazini, mahali ambapo wakati wa baridi jua halionekani. Njiani hakuacha mikono yake ikae bure: alifuma soksi na glavu za sufu huku akitembea. Alipofika katika nyumba ya mkulima hakuketi kama mgeni mkubwa, bali alishika kazi iliyokuwapo, na maneno ya dini yakafuata baada ya kazi. Sisi twaona kwamba hiyo ndiyo sababu watu wa mashamba walimsikiliza. Walimtambua kuwa mwenzao.

Wala hakuwafundisha kusali tu. Mwaka 1801 alijiandikisha kuwa mfanya biashara katika mji wa Bergen, akanunua vyombo vya kuchukua nafaka kwenda kaskazini na kurudi na samaki. Rafiki zake waliokuwa maskini aliwasaidia kupata mashamba au kazi. Huko Eiker wao wakajenga kiwanda cha karatasi, ambamo hata watu dhaifu wa mwili walipewa kazi waliyoiweza. Faida haikuwa ya kujilimbikizia. Aliihesabu kuwa amana ya ndugu wote. Wanawake nao hakuwanyamazisha. Sara Oust, binti wa mkulima, alianza kuhubiri mwaka 1799, akiwa na umri wa miaka 21 tu, na Hans alimtia moyo.

Hatusemi kwamba hakuwa na kosa. Katika vitabu vyake vya kwanza aliwashambulia wachungaji kwa maneno makali mno, na baadaye yeye mwenyewe alikiri kwamba ukali ule ulipita kiasi. Maneno hayo yaliwapa adui zake silaha.

Oktoba 1804 akakamatwa huko Eiker, akapelekwa Christiania. Safari hii Serikali ilikusudia kumaliza jambo hili. Mali yake ilitwaliwa, vitabu vyake vikakusanywa, na tume ikawekwa kuuliza mashahidi nchini kote, mamia kwa mamia. Kesi ikaenda polepole ajabu. Mwaka ulipita, na mwingine, naye yumo ndani. Hapo mwanzo alikatazwa kuonana na rafiki zake. Mtu yule aliyezoea kutembea milimani alifungiwa katika chumba kidogo, na afya yake ikaharibika, isirudi tena kamwe.

Mwaka 1809 likatokea jambo la kushangaza. Norwe ilikuwa vitani na Uingereza, manowari za Waingereza zimefunga bahari, na chumvi imekwisha nchini. Bila chumvi samaki huoza, na watu walikuwa na njaa tayari. Basi Serikali ikamkumbuka mfungwa wake aliyejua kazi nyingi! Ikamtoa ili aende pwani kujenga mitambo ya kupika chumvi kutoka maji ya bahari. Hans hakukataa, wala hakudai kwanza afutiwe mashtaka, wala hakutoroka. Alifanya kazi ile vema, kisha akarudi gerezani kungoja hukumu.

Mwaka 1811 aliruhusiwa kukaa nje, katika shamba dogo la Bakkehaugen karibu na mji, kesi ingali ikiendelea. Desemba 1813 akahukumiwa miaka miwili ya kazi ngumu. Akakata rufani, na Desemba 1814 adhabu ikageuzwa kuwa faini ya riksdaler 1,000 pamoja na gharama za kesi. Tangu kukamatwa kwake ilikuwa imepita miaka kumi.

Sasa alikuwa na miaka 43, mwili umechakaa, naye hajapata nyumba yake mwenyewe. Januari 1815 alimwoa Andrea Andersdatter. Furaha ile ilidumu miezi tu: Desemba mwaka ule ule Andrea akafa, akamwachia mtoto mchanga, Andreas. Mwaka 1817 Hans alimwoa Ingeborg Marie Olsdatter, wakahamia shamba kubwa zaidi, Bredtvet. Huko nako wazazi hao walizika watoto. Kati ya watoto wote wa Hans, ni Andreas peke yake aliyekua mpaka utu uzima.

Lakini Bredtvet haikuwa nyumba ya kilio tu. Hans alilima kwa bidii kadiri nguvu zilivyomruhusu, na wageni hawakukoma kupita mlangoni: wakulima kutoka mabonde ya mbali waliokuja kuuliza shauri la mashamba, la ndoa, au la roho. Hata wachungaji na maaskofu walikuja kuketi mezani pake, mezani pa mtu ambaye wenzao walikuwa wamemshtaki. Hatusikii kwamba aliwakumbusha miaka yake ya gerezani.

Kulikuwako watu waliotazamia kwamba, baada ya kutendwa hivyo, atawatoa wafuasi wake katika Kanisa. Angaliweza, walikuwa wengi, nao walimpenda kuliko mchungaji ye yote. Yeye alifanya kinyume. Katika wosia aliowaandikia rafiki zake aliwaagiza wakae ndani ya Kanisa, wabatizwe humo, washiriki Meza ya Bwana humo, na kusikiliza mahubiri humo, huku wakiendelea kuonyana nyumbani mwao. Alifariki Bredtvet tarehe 29 Machi 1824, akiwa bado hajatimiza miaka 53, akazikwa katika uwanja wa kanisa la Gamle Aker, Christiania.

Amri ya mwaka 1741 ilifutwa mwaka 1842. Mwaka huo huo Wakristo wa Norwe walikusanyika katika mji wa Stavanger wakaanzisha Chama cha Misioni, na wengi wao walikuwa watu wa Hauge, wakulima na wafanya biashara. Mmisionari wao wa kwanza, Hans Schreuder, alikwenda kwa Wazulu kusini ya Afrika. Na Andreas, yule mtoto aliyeachwa na mama yake angali mchanga, akasoma, akabarikiwa kuwa mchungaji katika Kanisa lile lile.