Hans Wilsdorf: Yatima aliyeanzisha Rolex, na somo lake kwa anayenunua saa ya zamani

Kabla hajawa tajiri wa saa, Hans Wilsdorf alikuwa karani wa kawaida tu. Moja ya kazi zake za kila siku ilikuwa kutia saa ufunguo. Mamia ya saa, moja baada ya nyingine, halafu anahakikisha kila moja inakwenda sawasawa. Inayochelewa anaijua, inayowahi anaijua.

Kama na wewe umeanza kupenda saa za mkononi za zamani na unataka kununua ya kwanza, maisha ya huyu jamaa ni darasa tosha. Alitaka saa ipimwe kwanza, ndipo iaminiwe.

Yatima wa Kulmbach

Wilsdorf alizaliwa Machi 22, 1881 katika mji wa Kulmbach, Bavaria, nchini Ujerumani. Familia yake ilikuwa na biashara ya vifaa vya chuma. Lakini alipofikisha miaka 12, mama na baba wote walikuwa wameshafariki.

Ndugu waliobaki na jukumu la kuwalea watoto wakaiuza ile biashara, na fedha zikaenda kwenye elimu. Hans akapelekwa shule ya bweni Coburg, akang'ara kwenye hisabati na lugha. Hizo lugha ndizo zilizomtoa.

Mwaka 1900 alipata kazi La Chaux-de-Fonds, mji wa Uswisi unaoishi kwa kutengeneza saa. Aliajiriwa na kampuni ya Cuno Korten kwa mshahara wa faranga 80 kwa mwezi. Alikuwa anaandika barua za Kiingereza za kampuni, na hapo ndipo alipokuwa akitia saa ufunguo na kuzikagua.

Basi hatua yako ya kwanza ndiyo hii. Usinunue saa kwa kuiona inatembea dakika mbili mezani kwa muuzaji. Omba uijaze, uilinganishe na saa ya simu yako, kisha uiangalie tena baada ya saa 24. Ikipoteza au kuongeza dakika kadhaa kwa siku, inawezekana inahitaji kusafishwa au ina kifaa kimechoka. Gharama ya fundi iingize kwenye bei kabla hujakubaliana.

London, na jina lililofichwa

Mwaka 1903 Wilsdorf alihamia London. Miaka miwili baadaye, akiwa na umri wa miaka 24, alifungua kampuni ya Wilsdorf & Davis pamoja na shemeji yake, Alfred Davis. Walikuwa wanaagiza mashine za saa kutoka Uswisi, wanazifunga kwenye makasha mazuri, halafu wanawauzia wenye maduka ya vito.

Wakati huo wanaume walibeba saa mfukoni. Saa ya mkononi ilionekana ni pambo la akina mama, tena haiaminiki. Wilsdorf akaiona biashara hapo hapo.

Tatizo lilikuwa jina. Wenye maduka Uingereza walipenda kuandika majina yao wenyewe kwenye uso wa saa. Alama ya Wilsdorf na mwenzake, herufi W na D, ilibaki ndani ya kasha ambako mteja haioni. Mwaka 1908 akasajili jina fupi, rahisi kutamkwa kwa lugha nyingi: Rolex.

Hapa kuna mtego kwa mnunuzi mgeni. Saa za mwanzo kabisa zinaweza kuwa halisi bila jina maarufu usoni. Na jina likiwepo, bado halithibitishi kitu, maana uso wa saa unaweza kupakwa rangi upya na kuandikwa chochote. Chukua lenzi ya kukuzia. Herufi zimepinda? Wino umemwagika pembeni? Uso unang'aa kama wa jana wakati kasha limechakaa? Uliza maswali. Halafu mwombe fundi afungue mfuniko wa nyuma mbele yako, muone mashine na alama za ndani.

Kupimwa kwa siku 45

Mwaka 1910 saa ya mkononi ya Rolex ilipata cheti cha usahihi kutoka kituo cha upimaji cha Bienne, Uswisi. Lakini kilichowanyamazisha wenye mashaka kilikuja Julai 1914. Kituo cha Kew, Uingereza, ambacho kilizoea kupima saa za kuongozea meli, kiliipa saa ndogo ya Rolex cheti cha Daraja A. Ilikuwa saa ya kwanza ya mkononi kukipata. Ilikuwa imepimwa siku 45, katika mikao mitano na viwango vitatu vya joto.

Mikao ina maana yake. Saa inaweza kwenda vizuri ikilala chali, halafu ikachelewa ikisimamishwa wima. Kwa hiyo unapoijaribu, ilaze chali, igeuze kifudifudi, kisha isimamishe ubavuni. Ikibadilika sana, mwambie fundi.

Wiki chache baada ya cheti hicho, Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na jina la Kijerumani London likawa mzigo. Mwaka 1915 kampuni ikaachana na jina Wilsdorf & Davis na kubaki na Rolex. Mwaka huohuo Uingereza ikaweka ushuru mkubwa kwa saa zinazoingizwa nchini. Wilsdorf akafungasha, na mwaka 1920 akasajili kampuni Geneva.

Chaza aliyeingia baharini

Maji na vumbi ndivyo vilikuwa adui wa saa za mkononi. Mwaka 1926 Wilsdorf akatoa saa yenye kasha linalofungwa kwa kukaza kama skrubu, hadi kile kitufe cha pembeni cha kutilia ufunguo. Akaiita Oyster, yaani chaza, kwa sababu inajifunga kama mnyama huyo.

Oktoba 1927, Mwingereza Mercedes Gleitze alikuwa ameshaogelea mlango wa bahari kati ya Ufaransa na Uingereza, lakini wapo waliomtilia shaka. Akaamua kurudia. Wilsdorf akampa Oyster, akaingia nayo majini. Baada ya zaidi ya saa 10 kwenye baridi kali, alitolewa kabla hajamaliza. Saa ilikuwa bado inatembea. Mwezi uliofuata, Wilsdorf akanunua ukurasa wa mbele wa gazeti la Daily Mail kuitangaza.

Saa ilifaulu kweli. Ila hadi leo wapo wanaosimulia kana kwamba ilivuka bahari yote. Hadithi ya saa huwa inakua kila inapobadilisha mikono, hata kama ilianza na ukweli. Muuzaji akikwambia ilivaliwa na rubani au waziri, sikiliza kwa heshima, halafu omba karatasi. Kama hakuna, lipia saa unayoiona tu.

Miaka ya Wilsdorf pia inakusaidia kukamata uongo. Saa ya Rolex inayojizungusha yenyewe mkono unapotembea, kwa mfumo wa Perpetual, ilikuja 1931. Datejust, yenye dirisha la tarehe, ilitoka 1945. Mtu akikuletea Datejust ya mwaka 1930, mshukuru na uondoke.

Na usijaribu kurudia alichofanya Gleitze. Mipira inayozuia maji huzeeka. Saa ya miaka 60 ichukulie kuwa haiwezi maji hadi fundi aipime. Usifungue kioo mwenyewe pia, kwa sababu saa nyingi za enzi hizo zilipakwa radiamu ili zing'ae gizani, na vumbi lake ni hatari.

Alivyoaga

Katika Vita Kuu ya Pili, mpimaji huyu wa saa alionyesha upande mwingine. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa mateka kwenye kambi za Wajerumani walimwandikia kuagiza saa. Akawatumia, akawaambia malipo yasubiri hadi vita iishe.

Mkewe, Florence, alifariki 1944. Hawakuwa na watoto. Mwaka uliofuata Wilsdorf akaanzisha taasisi yenye jina lake na kuirithisha hisa zake. Alifariki Geneva Julai 6, 1960, akiwa na miaka 79. Taasisi hiyo ndiyo inayomiliki Rolex mpaka sasa.

Pengine wewe hutaanza na Rolex, na ni sawa kabisa. Saa ya bei nafuu yenye mashine nzima na uso ambao haujaguswa inakufundisha zaidi kuliko jina kubwa lililounganishwa kwa vipande vya saa tatu. Angalia kasha kama kingo zake bado zipo au zimeliwa na kung'arishwa mara nyingi. Vua mkanda usome namba zilizochongwa. Jaza, linganisha, subiri kesho.

Na kama muuzaji anakukimbiza ulipe leo leo, kabla hujaipima, mrudishie saa yake.