Grace Hopper: Mwanahisabati aliyeirahisishia dunia lugha ya tarakilishi

WAANDISHI wa programu za tarakilishi siku hizi huandika maagizo yao kwa maneno. Zamani kila agizo lilikuwa tarakimu tupu, na miongoni mwa waliojitahidi kuuondoa mzigo huo ni Grace Hopper, aliyezaliwa jijini New York, Marekani, Desemba 9, 1906.

Hopper alihitimu shahada ya uzamifu ya hisabati katika Chuo Kikuu cha Yale mnamo 1934, huku akifundisha katika Chuo cha Vassar. Vita Vikuu vya Pili vya Dunia vilipochacha, aliomba kujiunga na jeshi la wanamaji. Ijapokuwa umri ulikuwa umempita na uzani wake haukutosha, alikubaliwa mwishoni mwa 1943.

Mwaka uliofuata alitumwa Harvard kuihudumia Mark I, mashine yenye urefu wa zaidi ya mita 15 lakini iliyojumlisha mara tatu tu kwa sekunde. Kazi hiyo haikuwa lelemama. Maagizo yalitobolewa kwenye utepe wa karatasi, na tundu moja likikosewa, hesabu nzima iliharibika.

Mnamo 1949 alijiunga na kampuni ya Eckert na Mauchly mjini Philadelphia. Huko, maagizo ya tarakilishi ya BINAC yaliandikwa kwa mfumo wa hesabu usio na 8 wala 9; baada ya 7 huja 10. Hopper aliuzoea mno hata hesabu zake za benki zikakataa kulingana kwa miezi kadhaa. Kaka yake, aliyefanya kazi ya benki, ndiye aliyegundua kwamba mara nyingine alikuwa akitoa pesa zake kwa hesabu za mashine.

Aidha, aliona jinsi yeye na wenzake walivyonakili vipande vya maagizo kwa mkono na kukosea kila mara. Akaamua kuiachia mashine kazi hiyo. Mnamo 1952 aliunda A-0, programu iliyoifanya tarakilishi yenyewe kuvikusanya vipande hivyo na kuviunganisha. Wengi hawakuamini, wakishikilia kwamba mashine ni ya hesabu tu.

Hakufa moyo. Baadaye aliongoza uundaji wa FLOW-MATIC, lugha iliyotumia maneno ya Kiingereza, ambayo ilichangia pakubwa kuzaliwa kwa COBOL mnamo 1959.

Hopper alistaafu jeshini mwaka wa 1986 akiwa admirali mwenye umri wa miaka 79, akafariki Januari 1, 1992. COBOL ingali inatumika hadi leo, hasa katika benki, mahali ambapo hesabu zake mwenyewe zilimtatiza.