Padri Clement: Mmisionari aliyezipatia makao ngoma za watemi wa Usukuma

MWAKA 1963, serikali ya Tanganyika huru ilipofuta rasmi utawala wa machifu, watemi wa Usukuma waligeuka kuwa raia wa kawaida. Madaraka yao yaliishia kwenye maandishi ya sheria, lakini ngoma zao, viti vyao vya enzi, mikuki na ngao zao vilibaki majumbani.

Familia za watawala zilikabiliwa na swali gumu. Mali aliyoithamini marehemu baba au babu, isiyofaa kuuzwa na isiyokuwa tena na kazi barazani, ingehifadhiwa wapi? Ngoma isiyopigwa huliwa na mchwa, ngozi yake hupasuka, na wanunuzi wa vitu vya kale hawakosi kubisha hodi.

Jibu la swali hilo lilipatikana katika kilima cha mawe cha Bujora, Kisesa, umbali wa kilomita zipatazo 20 mashariki ya jiji la Mwanza, kando ya barabara iendayo Musoma. Aliyeliandaa alikuwa mgeni: Padri David Clement, mzaliwa wa Quebec nchini Kanada na mwanachama wa Shirika la Wamisionari wa Afrika, maarufu kama Mapadri Weupe.

Mapadri wa shirika hilo, lililoanzishwa mwaka 1868 na Kardinali Charles Lavigerie, walifika kusini mwa Ziwa Victoria mwaka 1878. Kwa miaka mingi, wamisionari wengi wa madhehebu mbalimbali waliziona ngoma na hirizi za wenyeji kuwa mambo ya kipagani yaliyopaswa kuachwa.

Padri Clement alichagua njia nyingine. Alipoanza kazi Bujora katika miaka ya 1950, alijifunza lugha na mila za Wasukuma, akashirikiana na wazee kukusanya simulizi na desturi, hata akajulikana kwa jina la Kisukuma la Fumbuka.

Wakati huo Jimbo la Mwanza liliongozwa na Askofu Joseph Blomjous, Mholanzi wa shirika lilelile, ambaye baadaye alishiriki Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliofanyika kati ya mwaka 1962 na 1965. Bujora, ngoma za Kisukuma zilisikika ibadani kabla mtaguso huo haujafungua milango kwa tamaduni za mataifa.

Kanisa lenyewe lilijengwa kwa umbo la mviringo, mithili ya nyumba ya Kisukuma, na ndani yake zikatumika alama za utemi. Waumini waliokuwa wamezoea kumwona mtemi akiketi katikati ya watu wake waliielewa lugha hiyo bila mkalimani.

Padri Clement ndiye pia aliyeanzisha sherehe za Bulabo, zinazoambatana na sikukuu ya Ekaristi, mara nyingi mwezi Juni. Baada ya ibada na maandamano, vikundi vya ngoma vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watazamaji, kama walivyofanya waasisi wao, waganga mashuhuri wa zamani. Wengine hucheza na majembe, wengine na chatu.

Kutoka sherehe hizo hadi makumbusho, safari haikuwa ndefu. Mwaka 1968, miaka mitano baada ya kufutwa kwa utemi, Padri Clement pamoja na wazee wa Kisukuma walianzisha Makumbusho ya Wasukuma katika eneo hilohilo la kanisa.

Jengo la vifaa vya watemi lilipewa umbo la kiti cha enzi. Pembeni yake yakajengwa mabanda mengine, likiwamo la vikundi vya ngoma, nyumba ya asili ya Kisukuma na mahali pa mhunzi. Kila kitu kilipewa nyumba inayofanana na kazi yake.

Jambo hilo lilikuwa na uzito wake. Maelfu ya vifaa vilivyochukuliwa Tanganyika wakati wa utawala wa Wajerumani vimo hadi leo katika makumbusho ya Berlin, mbali na wajukuu wa waliovitengeneza. Vya Bujora vilibaki Usukuma. Mjukuu wa mtemi anaweza kupanda daladala hadi Kisesa, akapanda kilima na kusimama mbele ya ngoma za enzi za babu yake.

Hata hivyo, lipo lililopotea. Ngoma iliyokuwa ikilia kwa amri ya mtemi sasa huonyeshwa kwa kiingilio, na iko chini ya paa la Kanisa ambalo zamani lilizitilia shaka mila hizo. Lakini njia nyingine zilizokuwapo zilikuwa mchwa na mfanyabiashara.

Padri Clement alifariki dunia katika miaka ya 1980, na swali lililowasumbua warithi wa watemi likamrudia yeye mwenyewe. Mkusanyiko uliotegemea juhudi za mtu mmoja ulimhitaji mlezi mpya. Katika miaka ya 1990, watafiti kutoka Marekani, Mark na Aimée Bessire, walishirikiana na wenyeji kuyafufua makumbusho hayo na kuandika habari za vifaa vilivyomo.

Leo Bujora ni kituo cha utamaduni kinachopokea wanafunzi, watalii na watafiti. Paa bado linahitaji kukarabatiwa, na ngozi za ngoma kutunzwa. Kazi hiyo, aliyoianza mgeni kutoka Quebec, imebaki mikononi mwa Wasukuma wenyewe, na kila mwaka Bulabo inapofika, mlio wa ngoma hushuka kutoka kilimani hadi Kisesa.