Garrincha: Mcheza kwao ambaye hakutunzwa

TIBIRINZI, PEMBA – Desemba 19, 1973, zaidi ya watu 130,000 walijaa Uwanja wa Maracanã jijini Rio de Janeiro. Haikuwa fainali. Walikwenda kumuaga na kumchangia mtu mmoja tu, Garrincha, winga aliyebeba Kombe la Dunia mara mbili, kisha akafika miaka 40 mfukoni hana kitu.

Imekuwaje mchezaji wa kiwango kile aishie kuchangiwa? Sehemu kubwa ya jibu iko kwenye goti lake, na kwenye karatasi alizokuwa akisaini.

Kindege wa Pau Grande

Jina lake kamili ni Manuel Francisco dos Santos. Alizaliwa Oktoba 28, 1933, Pau Grande, mji mdogo wenye kiwanda cha nguo, si mbali na Rio. Garrincha ni jina la kindege, alipewa nyumbani akiwa mtoto na likamganda. Miguu yake yote ilipindia upande mmoja, na mmoja ulikuwa mfupi kuliko mwenziwe. Ukimuona ungesema huyu hata timu ya mchangani hapati namba.

Mwaka 1953 akaingia Botafogo, na mabeki wakaanza kupata tabu. Chenga yake kubwa ilikuwa ileile kila siku: anajifanya anakwenda kushoto, anatokea kulia. Kila beki aliijua, na bado aliliwa.

Mwaka 1958 alikuwemo Brazil ilipochukua Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, kule Uswidi. Mwaka 1962 nchini Chile, Pelé akaumia mechi ya pili. Garrincha akaibeba timu mgongoni: mabao mawili dhidi ya Uingereza robo fainali, mawili mengine dhidi ya wenyeji nusu fainali, na kombe likarudi Brazil.

Anasaini, wanajaza wao

Kiukweli, jamaa hakuwa mtu wa hesabu. Alikuwa akisaini mkataba mtupu, halafu viongozi wa klabu wanajaza mshahara wenyewe. Bingwa wa dunia, lakini bei yake anapangiwa na mnunuzi.

Wakati huo Botafogo ilikuwa inazunguka nchi mbalimbali kucheza mechi za kirafiki za kulipwa. Waandaaji walimtaka Garrincha. Asipocheza, malipo yanashuka. Kwa hiyo goti likivimba, maji yanatolewa, sindano inachomwa, anaingia uwanjani. Maumivu yanatulia dakika 90, lakini goti ndani linazidi kusagika.

Baada ya ubingwa wa 1962 akaanza kudai mshahara unaofanana na kazi yake. Hapo ndipo mapenzi yakaingia doa. Mtu aliyecheza na maumivu kwa faida ya klabu sasa alionekana msumbufu. Mwaka 1964 akafanyiwa upasuaji wa goti, na kasi yake haikurudi tena. Mwanzoni mwa 1966 Botafogo ikamuuza Corinthians, baada ya miaka 12, mechi zaidi ya 550 na mabao zaidi ya 200.

Mwaka huohuo alikwenda Kombe la Dunia Uingereza. Akaifunga Bulgaria kwa faulo, kisha Brazil ikafungwa 3-1 na Hungaria. Ndiyo mechi pekee aliyopoteza akiwa na jezi ya taifa, na ndiyo ya mwisho. Baadaye akapita Flamengo na Olaria, akisaka riziki kwa goti lililochoka.

Tusimtupie klabu kila kitu. Pombe ilimuharibu vibaya, ndiyo iliyolimaliza ini lake. Alifariki Januari 20, 1983, akiwa na miaka 49. Mwili wake ulipelekwa Maracanã na maelfu wakafurika kumuaga. Leo uwanja mkubwa wa jiji la Brasília unaitwa kwa jina lake. Heshima zote hizo, yeye hayupo.

Wewe unayesaini leo

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Garrincha alicheza kwao, hakutunzwa, kwa sababu kutunzwa kwake kulibaki kwenye makofi ya mashabiki. Kwenye mkataba hakukuwemo.

Kwa sasa kanuni za FIFA zinasema uhalali wa mkataba hauwezi kutegemea mchezaji kufaulu vipimo vya afya. Klabu ikitaka kupima, ipime kabla ya kusaini. Ni kinga nzuri, lakini haimsaidii mtu ambaye hajui alichosaini.

Kwa hiyo kijana wa Tibirinzi, Gombani au Wete, kabla hujashika kalamu uliza: Nikiumia, nani analipa hospitali? Mshahara unaendelea? Mkataba ukiisha bado nauguza goti, inakuwaje? Majibu yaandikwe, na nakala ibaki nyumbani kwenu.

Na sisi mashabiki tuna letu. Mkongwe akidai mkataba mpya akiwa majeruhi, tunakuwa wa mwanzo kusema kazeeka, aondoke. Tukumbuke tu hilo goti kaliumizia wapi, na siku ile nani alikuwa anashangilia.