Hugo Grotius: Mtoro wa gerezani aliyetungia vita sheria

ALIPOTOROKA gerezani mwaka 1621, Hugo Grotius hakuvunja mlango wala kumhonga mlinzi. Alijikunja ndani ya sanduku la vitabu, na askari wenyewe wakalibeba hadi nje ya ngome ya Loevestein, nchini Uholanzi.

Mwanasheria huyo alizaliwa mjini Delft mwaka 1583, akajiunga na Chuo Kikuu cha Leiden akiwa na umri wa miaka 11 pekee. Waholanzi walipoiteka meli ya Wareno, Santa Catarina, mwaka 1603, kampuni yao ya biashara ya Mashariki ilimwajiri aitetee. Kutokana na kazi hiyo, mwaka 1609 alichapisha hoja kwamba bahari kuu haimilikiwi na taifa lolote. Hoja ya haki, lakini iliyowanufaisha waajiri wake pia.

Mivutano ya dini na siasa ndiyo iliyomponza. Alikamatwa mwaka 1618, na mwaka uliofuata akahukumiwa kifungo cha maisha. Hila ya sanduku ilikuwa ya mkewe, Maria van Reigersberch, aliyetambua kwamba walinzi walikuwa wamezembea kulikagua.

Akiwa mkimbizi mjini Paris, huku Ulaya ikiteketea katika Vita vya Miaka 30, Grotius alitoa mwaka 1625 kitabu chake kikuu kuhusu sheria ya vita na amani. Alishikilia kwamba vita sharti viwe na sababu ya haki, kama vile kujilinda. Kwamba ahadi aliyopewa adui itimizwe. Na akahimiza wanawake na watoto wahurumiwe.

Hakuiona amani aliyoitamani. Alifariki mjini Rostock mwaka 1645, baada ya meli aliyosafiria kuharibika baharini, miaka mitatu kabla ya vita hivyo kumalizika.

Wapinzani wa sheria za kimataifa wangali wanauliza zina nguvu gani bila askari wa kuzitekeleza. Swali hilo lilitufikia Wakenya mwaka 2021, serikali ilipoukataa uamuzi wa Mahakama ya Kimataifa ya Haki jijini The Hague, karibu na Delft, kuhusu mpaka wa bahari na Somalia. Grotius alikwisha kulijibu: hakuna taifa lenye nguvu kiasi cha kutowahitaji wengine kamwe, iwe kwa biashara au kwa ulinzi. Anayeivunja sheria leo huenda akaihitaji kesho.