Poiseuille: daktari aliyechungulia damu ya chura

Wadau, ukipimwa presha, namba unayopewa ni milimita za zebaki. Zebaki imeingiaje hapo? Kuna mkono wa Mfaransa mmoja, Jean Poiseuille, aliyezaliwa Paris mwaka 1797.

Jamaa aliingia chuo cha Polytechnique mwaka 1815, hesabu na fizikia ndiyo zake. Aprili 1816 mfalme akakifunga kwa sababu za siasa, wanafunzi wote nje. Hajafikisha hata miaka 19! Akahamia udaktari, ila hesabu hakuziacha. Kabla yake Mwingereza Stephen Hales alipima presha ya farasi kwa mrija wa kioo mrefu kuliko mtu. Poiseuille, mwaka 1828, akatumia mrija mfupi wenye zebaki, maana ni nzito mara 13 na ushee kuliko maji.

Lakini mimi kilichonikuna ni chura. Miaka ya 1830 alichungulia mishipa yake kwa hadubini, akaona chembe za damu hazijitawanyi ovyo. Zinakimbia katikati, na kando ya ukuta inabaki njia ya majimaji matupu. Chembe ikipotea ikaingia huko, inajikokota.

Kisha akahamia mirija ya kioo, myembamba chini ya milimita 1, akapitisha maji kwa sababu damu ingeganda. Miaka kadhaa ya kupima! Akagundua kwamba upana ukipungua nusu, kwa presha ileile, kinachopita kinashuka mara 16. Ndiyo maana mshipa ukiziba kidogo si mchezo. Mjerumani Hagen naye alifikia jambo hilo kivyake, akalitangaza mwaka 1839. Ila kanuni hiyo ni ya kimiminika kitupu. Zile chembe za chura zikabaki kiporo, na Poiseuille akafariki mwaka 1869.

Mwaka 1961 Segré na Silberberg wakaonyesha kwamba vitufe vidogo ndani ya mrija hujipanga duara, kama 0.6 ya njia kutoka katikati kwenda ukutani. Mwendo unavisukuma nje, ukuta unavirudisha. Chembe za damu ni laini, zinanyumbulika, kwa hiyo ukuta unazifukuza hadi katikati. Siku hizi wahandisi wanachonga vijia vyembamba vyenye kona, chembe kubwa zishike upande wake na ndogo wake. Hivyo wanachambua chembe za saratani kwenye damu.

Mlioko maabara, mashine hizo mmeshaziona huko kwenu? Tupieni maoni hapo chini.